Usiiname Kama Kijiti

Kuna watu hufa majina yao yakapewa mitaa, wengine yakapewa shule. La Kijiti lilipewa dhihaka. Dereva yeyote wa pikipiki pale mjini akimpakia abiria mgumu, anayekaa kama gogo kwenye kona, humwambia, "Usiiname kama Kijiti." Abiria hucheka, dereva hucheka, safari inaendelea. Wengi wao hawajui hata kwamba Kijiti alikuwa mtu, kwamba alikuwa na mama, na kwamba dada yake anashona viti vya pikipiki nyuma ya kituo cha mafuta, karibu kiasi cha kusikia vicheko vyao vyote.

Dada huyo madereva walimwita Sindano. Jina lilimfaa kwa kazi, na siku akiamka vibaya lilimfaa kwa ulimi pia. Kwa mwili halikumfaa hata kidogo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mabega, na alipoketi mbele ya cherehani stuli ililalamika. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mwembamba, wembamba wa kuchekwa, mshipi wake ukifungwa kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Kazi yake ilikuwa kuchora ndimi za moto kwenye matangi ya pikipiki, na alizichora vizuri hadi watu wakaja na pikipiki mpya kabisa wakitaka aziunguze.

Kila msimu wa jua madereva wa mjini wana msafara wao wa mlimani. Hawaendi kazini wala hawaendi kwa mtu. Wanapanda kwa raha tu, barabara ikijikunja na kujikunjua hadi kileleni, wanakunywa chai, wanatazama mji ulivyolala chini, kisha wanarudi. Nyota wa msafara huo alikuwa mtu mmoja mwenye duka la vipuri, mrefu, mcheshi, anayependwa na kila mtu, na kwa jinsi alivyozijua kona za mlima ule walimwita Kona. Kijiti alimpenda kupita wote. Alimchorea tangi bila kudai chochote, akamwita kaka, na siku Kona alipomwambia apande nyuma yake kwenye msafara, hakulala kwa furaha.

Kwenye kona ya ukuta wa mawe, karibu na kilele, pikipiki ilianguka. Kona alichubuka kiwiko. Kijiti alikutana na ukuta.

Aliishi hadi jioni ya pili. Sindano alikaa kando ya kitanda akimlowesha midomo kwa kitambaa, na mdogo wake hakulalamikia maumivu hata mara moja. Alichokuwa akirudia ni kitu kimoja. "Dada, niombee msamaha kwa kaka. Nimeinama vibaya, nimemwangusha. Niambie utamwombea." Sindano akamwambia atamwombea, na Kijiti akafa akiwa bado anangoja jibu.

Neno la marehemu halitupwi. Siku ya mazishi Sindano alisimama mbele ya watu wote, macho yamevimba, akamwambia Kona kwamba mdogo wake ameomba radhi. Kona, mkono ukiwa kwenye bandeji safi, akainamisha kichwa. "Nimemsamehe, dada," akasema. "Alikuwa mgeni wa kona." Watu wakalia upya kwa wema wa yule mtu. Na Sindano akamshukuru. Alimshika ule mkono mzima kwa mikono yake miwili, akamshukuru! Shukrani ile ndiyo iliyokuja kumkaa kooni baadaye kama mwiba wa samaki.

Basi dhihaka ikazaliwa, ikatembea, na Sindano akaivumilia, kwa sababu aliamini kwamba ni kweli. Alijikaza kisabuni. Mteja akitamka jina la mdogo wake kwa mzaha, yeye aliikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie. Mama yao, ambaye hakuwa na cherehani ya kumfichia masikio, aliacha kabisa kupanda pikipiki, akawa anakwenda kila mahali kwa miguu na magoti yake mabovu.

Aliyemfungua macho hakujua kama anamfungua. Alikuwa dereva mzee aliyeitwa Shehena, kwa kuwa hakuna mzigo aliowahi kuukataa. Alileta kiti kilichobonyea upande mmoja, sponji yote imekwisha kulia ilhali kushoto kiko kama kipya. Sindano akamuuliza kiti kimepatwa na nini. Mzee akacheka, akaeleza kwamba ana mteja wake mlevi ambaye humrudisha nyumbani kila siku, na mtu yule akishapanda hulala akining'inia upande, kichwa karibu kifagie barabara.

Sindano akaiweka chini mikasi. Akamuuliza kama mtu huyo hajawahi kumwangusha.

"Aniangushe?" Shehena akashangaa. "Mwanangu, mimi nimebeba mbuzi wenye hasira. Nimebeba kabati lenye kioo siku ya upepo. Abiria anamchosha dereva, hamwangushi. Anayemwangusha dereva ni dereva."

Kisha akakumbuka anaongea na dada wa nani. Akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akaondoka na kusahau kuuliza kiti chake kitakuwa tayari lini.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na hakuna asiyekuwepo kama aliyezikwa. Siku ile Sindano hakushona tena. Alikaa akiwaza kwamba mdogo wake alikufa akijilaumu kwa kosa la mwenziwe, na kwamba yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ndiye aliyempelekea mkosaji ule msamaha. Roho ilimchemka. Lakini hakwenda dukani kwa Kona kupiga kelele. Neno la mzee na mlevi wake lisingemtikisa mtu anayependwa na mji mzima. Alitaka kujua kwa mwili wake mwenyewe, kisha ndiyo amwonyeshe.

Msimu wa msafara ulipokaribia, Kona alileta kiti chake kifanyiwe upya. Sindano alikifanyia kazi ya kumwaibisha fundi mwingine yeyote, ngozi ya bandia imenyooka bila kunyanzi, uzi mwekundu pembeni. Kona alipokuja kukichukua, Sindano akamvika kilemba cha ukoka. Akasema hajawahi kuona mtu anayeimudu pikipiki kama yeye. Akasema anataka kupanda mlima, apaone alipoanguka mdogo wake, na kwamba hamwamini dereva mwingine yeyote.

Kona alitaka kulia. Alimshika bega, akasema itakuwa heshima kwake, na kabla jua halijatua kila kijiwe kilishajua kwamba Kona, kwa moyo wake mkubwa, atampandisha mlimani dada wa yule aliyemwangusha.

Asubuhi ya safari Sindano alimuaga mama yake zaidi ya kawaida, hadi mama akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amepiga hesabu yake akamaliza. Angeinama vibaya kwenye kila kona. Ikiwa abiria anaweza kumwangusha dereva, wataanguka, na hapo Kijiti alikuwa na kosa, na yeye atamfuata akamwambie mwenyewe kwamba yamekwisha. Wasipoanguka, basi ole wake Kona.

Walitoka mjini pikipiki zikifuatana, taa zimewashwa mchana kweupe kwa mbwembwe. Mabati ya viwanda yakaisha, mashamba yakaanza, kisha barabara ikainua kichwa. Hewa ikawa baridi na ikanukia misonobari. Upande mmoja mlima ulipanda wima, maji yakichuruzika kwenye miamba; upande wa pili bonde lilikuwa wazi, kijani juu ya kijani, na ukungu umelala chini kabisa. Wenzake waliopanda nyuma ya madereva walikuwa wakinyoosha vidole na kuitana. Sindano hakutazama chochote. Aliutazama mgongo wa Kona.

Kona ya kwanza ilikwenda kushoto. Kona akalala nayo, na Sindano akaegemea kulia.

Pikipiki ikawa nzito, ikasogea katikati ya barabara kabla haijarudishwa. "Dada, inama nami," Kona akapaza sauti juu ya bega, kwa upole. "Kaa kama kivuli changu."

"Samahani, kaka," Sindano akajibu. "Mimi ni mgeni wa kona."

Sijui kama Kona aliyatambua maneno yake. Labda watu wa aina ile hawakumbuki wanayosema makaburini. Kwenye kona iliyofuata Sindano akaegemea zaidi, na iliyofuata zaidi ya hapo, na mwili wake mpana ulikuwa mzigo wa kweli. Mara moja gurudumu la nyuma lilikanyaga changarawe za ukingoni, vijiwe vikaruka bondeni. Sindano aliogopa, asije mtu akadhani hakuogopa. Lakini Kona alipunguza, akaisukuma pikipiki kwa mikono na magoti, akairudisha njiani. Kila mara aliirudisha. Alikuwa dereva hodari kweli, hapo watu hawakudanganya, na kila alipookoa safari kwa uhodari wake alizidi kujitia kitanzi.

Upole ukamwishia. Akaanza kufoka. Akamuuliza kama anataka wafe. Sindano akazidi kuegemea, na Kona hakuweza kusimama, kwa kuwa nusu ya msafara ilikuwa nyuma yake, na nyota wa mlima hawezi kuegesha njiani kwa sababu ya mwanamke.

Hatimaye ukaja ukuta wa mawe. Juu ya ukuta alikaa mpiga picha, kama kila mwaka, maana pale ndipo mji wote unaonekana nyuma ya dereva na picha hutoka nzuri. Waliotangulia walipita wakiinua mkono mmoja juu, meno yote nje, kamera ikawanasa. Sindano akawaona. Akauona na ukuta. Kisha akaegemea nje kwa nguvu zake zote, goti limetoka, bega limetoka, kama mtu anayechungulia kisima.

Kona alitukana. Alipigana na usukani kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama, wakaupita ukuta karibu kuugusa. Wakapita salama. Mpiga picha alimwita kwa jina ainue mkono, na Kona hakuinua, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuinua.

Hapo Sindano akajua. Ndani ya kofia ngumu alicheka, kisha akalia hadi kioo cha mbele kikafanya ukungu.

Kileleni kuna banda la chai lenye mabenchi marefu, na msafara una desturi yake. Watu wakishashika vikombe, abiria husimama mmoja mmoja kusema neno juu ya aliyembeba, na dereva haruhusiwi kujibu. Anayesimamia ni mkunga mmoja mstaafu, mama wa watu, ambaye hupanda pikipiki yake mwenyewe na hukaa wa mwisho kabisa kwenye msafara akiwa na mfuko wa dawa, kazi yake ikiwa kumwokota yeyote aliyekwama. Hakuna anayemkatiza Mkunga. Nusu ya madereva wale aliwapokea yeye duniani, na huwakumbusha.

Abiria wa kwanza alisema dereva wake anaimba njia nzima na hajui kuimba. Mwingine akasema wake ananukia vitunguu. Watu walikuwa bado wanacheka Sindano aliposimama.

Akaanza kwa kuwauliza waliokuwa nyuma yake kama walimwona alivyokaa. Wakatazamana. Mmoja akasema walimwona, na kwamba walishangaa, walidhani ana kizunguzungu.

"Sikuwa na kizunguzungu," Sindano akasema. "Niliinama vibaya kwenye kila kona, kwa makusudi, kuanzia chini hadi hapa. Pale ukutani niliegemea hadi nikaliona bonde chini yangu. Na huyu hakuanguka. Sasa nitazameni. Nani hapa alimjua mdogo wangu? Kijiti angeingia ndani yangu na nafasi ikabaki. Mimi nimeshindwa kumwangusha Kona kwa makusudi. Kijiti alimwangushaje kwa bahati mbaya?"

Shehena, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, aliinama akatazama kikombe chake. Kona alijaribu kucheka. Akasema dada ana uchungu, na uchungu humfanya mtu aone mengi.

"Dereva hajibu," Mkunga akasema. Akafikiri kidogo. "Leo nakuruhusu. Lakini kasimame mbele ya dada yako, umjibu huku unamtazama."

Kona akasimama. Alikuwa mrefu kumpita Sindano, ila siku ile urefu haukumsaidia.

"Siku ile," Sindano akamuuliza, "mkono wako mwingine ulikuwa wapi?"

Nje upepo ulikuwa ukichezea kofia zilizotundikwa kwenye vioo vya pikipiki. Kona alitazama huku na huku akimtafuta mtu wa kumtetea, na kila jicho lilikuwa limemkalia.

"Niliinua," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kwa picha. Gurudumu likateleza, nikawa na mkono mmoja. Nilitaka kusema, dada. Lakini pale chini yeye mwenyewe aliniuliza. Akaniuliza, kaka, nimeinama vibaya?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Kuna mtu alisonya. Mkunga alijifunika uso kwa kiganja. Sindano alikuwa amejiandalia matusi mengi kwa ajili ya dakika ile, mengine aliyatunga mwenyewe akiwa kwenye cherehani, na yote yakamponyoka. Likabaki moja tu la kusema.

"Ule msamaha niliokuletea makaburini haukuwa wako. Nimekuja kuuchukua. Na wewe ulivyomsamehe mbele ya watu, sema mbele ya watu hawa kwamba hukuwa na la kumsamehe."

Kona akasema. Alisema huku machozi yanamtiririka, na Sindano akamfanya arudie kwa sauti, ili hata waliokuwa nje kwenye mabomba ya maji wasikie. Huenda wewe ungemwonea huruma. Sindano hakumwonea. Alisikia raha ikimpanda mwilini kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana kwa muda mrefu.

Wakati wa kushuka ulipofika, Kona alikwenda kwenye pikipiki yake akatoa ufunguo. Ukamdondoka. Sindano akauokota. Mtu anayeshona viti vya pikipiki kila siku huzisogeza, huzijaribu, huzipeleka kwa wenyewe. Pikipiki haikuwa ngeni kwake.

"Panda nyuma," akamwambia.

Kona akatazama wenzake. Aliyekuwa akimwita ndugu alikuwa anafunga kofia yake kwa uangalifu mkubwa. Mwingine alijifanya anakagua mnyororo. Hakuna aliyemkaribisha kwenye kiti chake. Basi mfalme wa mlima akapanda nyuma ya mshona viti, na akamshika kiunoni.

Sindano alishuka taratibu. Hakuwa hodari, na kila kona Kona alimng'ang'ania kwa nguvu zaidi, akiinama naye, akipumua kwa shida mgongoni mwake. Safari hii Sindano aliitazama njia yote. Jua lilikuwa limekula ukungu, mji ulikuwa unang'aa chini, na barabara ilionekana yote ilivyojizungusha mlimani. Akaelewa kwa nini Kijiti hakulala kwa furaha.

Kwenye ukuta wa mawe akasimama. Mpiga picha alishaondoka.

"Shuka."

Kona akashuka, akidhani labda dada anataka kupaombea. Sindano hakuzima injini.

"Dada, unaniacha hapa? Nitafikaje?"

"Sijui," Sindano akasema. "Ila wakikuuliza kwa nini umeachwa, waambie uliinama vibaya."

Akatia gia, akaondoka. Alipofika kwenye mkunjo wa chini yake aliegesha pembeni, akageuka kutazama, maana kutoka pale ukuta unaonekana wote. Msafara ulikuwa unakuja. Kona alisimama ukingoni, kofia kwapani, akaupungia mkono. Wa kwanza akampita. Wa pili akampita. Wakampita wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akilala na kona yake bila kugeuza kichwa, hadi akabaki Mkunga peke yake, ambaye tangu msafara uanze hajawahi kumwacha mtu njiani. Mkunga akapunguza mwendo. Akafunua kioo cha kofia yake, akamtazama Kona, akamtazama na ukuta.

Kisha akakishusha kioo, akaongeza mwendo, akapita.